Betri bandia ya simu ni ghushi inayolala nasi chumbani

Leo tunapenda kuzungumza juu ya kitu kidogo kisichokosekana karibu katika kila nyumba, nacho ni betri ya simu. Huenda wako watakaouliza betri ya simu ina uhusiano gani na ukurasa wa Ijumaa. Jibu ni kwamba ndani ya jambo hili yamo mambo matatu ambayo dini yetu imeamrisha yalindwe: uhai wa watu, mali zao, na uaminifu katika biashara.

Tuutazame mji wa Kiabakari, ulioko Wilaya ya Butiama mkoani Mara, kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kupitia Bunda hadi Musoma. Wakazi wa sehemu hizo wameijua dhahabu tangu zama za utawala wa Mwingereza, na hadi leo wachimbaji wadogo wa Mkoa wa Mara wanaendelea kuitafuta. Mfanyabiashara wa dhahabu hadanganyiki kwa rangi ya njano. Ataishika mkononi, ataipima uzito, ataijaribu kwa moto au kwa tindikali, kisha ndipo atakapotaja bei. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akienda kununua betri ya simu yake, hulitazama jina lililochapwa kwenye karatasi ya juu, akauliza bei, akalipa na kwenda zake. Kile atakachokiuza kesho hukipima. Kile atakacholala nacho chumba kimoja na wanawe hakipimi.

Wala simu ya leo si chombo cha kupelekeana salamu tu. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na nyingine za aina yake zikafuata, simu imekuwa pochi ya mkulima, daftari la mchuuzi na sanduku la akiba la mama wa nyumbani. Mvuvi wa dagaa aliyeko Musoma hupokea malipo yake humo, na mzazi aliyeko Bunda hutuma humo ada ya mtoto anayesoma mbali. Betri ikifa, pochi hiyo imefungwa. Ndiyo maana watu hukimbilia kununua nyingine upesi, na katika pupa hiyo ndipo mghushi anapopata riziki yake ya haramu.

Simu bandia zilizimwa, betri bandia hazikuzimwa

Wasomaji wetu watakumbuka kwamba serikali za Afrika Mashariki zimekwisha kupambana na bidhaa bandia za mawasiliano. Wenzetu wa Kenya walizifungia simu bandia mwaka 2012. Hapa kwetu Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilizizima usiku wa Juni 16, 2016, baada ya kuwapa wananchi miezi kadhaa ya kuzikagua simu zao. Njia iliyotumika ni ile namba tambulishi yenye tarakimu 15 ijulikanayo kama IMEI. Mwenye simu alibonyeza *#06#, akaiona namba hiyo kwenye kioo, akaituma kwenda 15090, naye akajibiwa simu yake ni ya kampuni gani na ya aina gani. Kama majibu hayakulingana na simu aliyoishika mkononi, alijua kwamba ameuziwa kitu kisichokuwa chenyewe.

Lilikuwa jambo jema. Lakini betri haina IMEI. Mtandao wa simu hauwezi kuitambua betri iliyomo ndani ya simu, wala hauna njia ya kuizima. Simu inaweza kuwa halali kabisa, imesajiliwa, inapiga na kupokea, ilhali betri iliyochomekwa ndani yake imeghushiwa tangu mwanzo hadi mwisho. Tume ya Ushindani (FCC) ina mamlaka ya kukamata bidhaa zenye alama za kughushi chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Shirika la Viwango (TBS) lina wajibu wa kusimamia ubora. Hata hivyo, kitu kinachoenea ndani ya kiganja cha mkono hupita penye mianya mingi kabla hakijafika kwenye meza ya fundi wa Kiabakari au Nyamuswa. Hapo mezani hakuna mkaguzi. Wako watu wawili tu, muuzaji na mnunuzi, na Mwenyezi Mungu anawaona wote wawili.

Kwa hiyo ulinzi dhidi ya betri bandia, kabla ya kuwa kazi ya serikali, ni kazi ya uaminifu wa muuzaji na uangalifu wa mnunuzi. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo.

Kilichomo ndani ya betri

Ili mtu aogope kinachostahili kuogopwa, ni lazima kwanza akijue. Betri za simu za siku hizi ni za lithiamu, aina ambayo kampuni ya Sony ya Japani iliiingiza sokoni kwa mara ya kwanza mwaka 1991, na ambayo wataalamu watatu walioiasisi, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Ndani yake mna pande mbili, chanya na hasi, zilizotenganishwa na utando mwembamba wa plastiki, na katikati mna kimiminika kinachopitisha chembe za lithiamu kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kimiminika hicho hushika moto. Utando ule ukitoboka, ukikunjwa au ukiwa wa ubora duni, pande mbili hukutana, joto hupanda kwa ghafla, na joto hilo huzaa joto jingine mpaka betri ilipuke au iwake.

Kwa sababu hiyo betri halali huwekewa kibao kidogo cha ulinzi, ambacho hukata umeme chaji inapozidi, inaposhuka mno, au waya zinapogusana. Mghushi anapotaka kupunguza gharama, aghalabu huanzia hapo: huweka kibao hafifu au haweki kabisa. Kwa macho, betri hizo mbili hufanana. Tofauti hujitokeza siku ya matatizo.

Hata viwanda vikubwa havikusalimika. Mwezi Agosti 2007, kampuni ya Nokia iliwatahadharisha wateja wake juu ya betri milioni 46 za aina ya BL-5C, zile zilizokuwa ndani ya vitochi vingi vya wakati huo, kwa sababu baadhi yake zilipata joto kupita kiasi wakati wa kuchajiwa. Ikajitolea kuzibadilisha bila malipo. Mwaka 2016 kampuni ya Samsung ilizirejesha simu zake za Galaxy Note 7 zipatazo milioni mbili na nusu baada ya baadhi kuwaka moto. Na zile za kubadilishia nazo zilipowaka, mwezi Oktoba mwaka huo ikaacha kabisa kuzitengeneza.

Hapa pana funzo kubwa. Wale waliokosea walikuwa na majina na anwani, wakaitwa kuhesabiwa, wakazirudisha bidhaa zao. Mghushi yeye ameazima jina la mtu mwingine. Betri yake ikiunguza godoro la mtoto, nani ataitwa? Jina lililoandikwa juu ya betri si lake, na aliyeitengeneza hajulikani. Mtu anaponunua betri bandia, basi, huwa amenunua kitu kisicho na mwenyewe wa kuulizwa.

Dalili za bandia

Mghushi ana njia zake zinazojulikana. Wakati mwingine huchukua betri chakavu zilizotolewa kwenye simu kuukuu, akazivisha karatasi mpya na kuziuza kama mpya. Wakati mwingine huandika namba kubwa za uongo. Uwezo wa betri hupimwa kwa mAh, na kila umbo lina kikomo cha kile linachoweza kubeba. Betri ya BL-5C halisi ilikuwa na uwezo wa mAh elfu moja hivi. Ukiona betri ya umbo lilelile imeandikwa elfu tano au elfu kumi, fahamu kwamba aliyeandika hivyo anakusemesha uongo waziwazi, na mwenye kusema uongo juu ya namba hashindwi kusema uongo juu ya usalama.

Mnunuzi na atazame pia maandishi. Herufi zilizofifia, maneno yaliyokosewa tahajia, alama ya kampuni iliyopinda, kutokuwepo jina la mtengenezaji wala volti, yote hayo ni dalili. Aishike mkononi: betri nyepesi mno kuliko ile ya zamani ya aina ileile ina sababu ya kuwa nyepesi. Aipachike: isipokaa sawasawa katika nafasi yake, asiilazimishe. Baadhi ya simu janja, zikiwemo iPhone za tangu mwaka 2018, huonyesha ujumbe kwenye mipangilio ikiwa betri iliyowekwa haikutambuliwa kuwa ya kampuni. Na bei iliyo chini mno kuliko ya maduka yote mengine si bahati. Ni swali linalohitaji jibu.

Lakini tuwe waadilifu katika hukumu zetu. Si kila betri isiyotoka kwenye kampuni ya simu ni bandia. Ziko kampuni nyingine zinazotengeneza betri mbadala, zikaandika majina yao wenyewe na kutoa dhamana. Hizo ni biashara halali, na kwa simu za zamani ambazo betri zake za asili hazitengenezwi tena huenda zikawa ndiyo njia pekee. Betri nayo huzeeka hata ikiwa dukani haijatumika. Kosa la bandia ni kudai jina lisilokuwa lake. Mwenye kipato kidogo anayenunua mbadala yenye jina la kweli na risiti amefanya la busara. Anayenunua jina kubwa la uongo kwa bei ndogo amenunua karatasi.

Kutunza ndiko kunakopunguza haja ya kununua

Njia nyepesi ya kumkwepa mghushi ni kuifanya betri iliyokuja na simu idumu. Kila betri ya lithiamu huchoka kidogo kidogo kadiri inavyojazwa na kutumika, na baada ya mamia ya mizunguko hubakiwa na sehemu tu ya uwezo wake wa awali. Umoja wa Ulaya, mathalani, tangu Juni 20, 2025 unazitaka simu mpya zinazoingia katika soko lake ziwe na betri zinazobakiwa na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800. Hatuwezi kuuzuia uchovu huo, lakini tunaweza kuuchelewesha.

Adui wa kwanza wa betri ni joto. Watengenezaji kadhaa hushauri simu isitumike mahali penye joto lizidilo nyuzi 35 za sentigredi. Simu iliyoachwa juani shambani, iliyowekwa mbele ya kioo cha gari, au iliyolazwa juu ya sola inayoichaji, huchoka mapema. Ukichaji kwa sola, paneli ikae juani na simu ikae kivulini. Simu ikiwa ndani ya kava nene na inapata moto wakati wa kuchajiwa, itoe kava.

La pili ni kuyaacha mafunzo ya zamani. Bado wako wanaoshauri simu mpya ichajiwe saa nane mfululizo, au betri iishe kabisa kabla ya kuchajiwa tena. Ushauri huo ulifaa kwa betri za zamani za nikeli, si kwa hizi za lithiamu. Betri ya lithiamu hupendelea kukaa katikati. Kuichaji inapofika asilimia 20 hivi na kuitoa inapokaribia 80 huirefushia maisha, na kuichaji kidogo kidogo mara nyingi hakuidhuru. Siku ya safari, ijaze kamili bila wasiwasi. Kinachoichosha ni kuifanya iishe kabisa au ikae imejaa kila siku huku ikiwa katika joto. Simu itakayowekwa bila kutumika kwa muda mrefu na iachwe ikiwa na nusu ya chaji, mahali pakavu na penye baridi kiasi.

La tatu ni chaja. Betri halali ikiunganishwa na chaja duni huharibika vilevile. Katika vijiji vyetu ambako umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, ni vyema kuichomoa chaja umeme unapokatika na kusubiri utulie. Waya uliochubuka usifungwe gundi na kuendelea kutumika. Na simu iliyoingia maji, kama itokeavyo kwa ndugu zetu wavuvi, isichajiwe kabla fundi hajaifungua na kuikausha.

La nne, nalo ni la wazazi hasa, ni kulala na simu inayochajiwa chini ya mto au ndani ya shuka. Pamba na sponji huzuia joto lisitoke, na ndivyo hivyo hivyo vinavyoshika moto upesi. Kijana wa bweni na mama mwenye kichanga wote wawekewe sharti moja: simu ichajiwe juu ya meza au sakafuni penye saruji, mbali na godoro na pazia.

Betri ikivimba

Iko dalili moja ambayo haisubiri kesho, nayo ni kuvimba. Mfuniko wa nyuma ukianza kuinuka au kioo kikiachana na fremu, gesi imejaa ndani ya betri. Simu hiyo izimwe, isichajiwe tena, isibonyezwe wala kutobolewa ili kuitoa hewa, kama wafanyavyo baadhi ya watu kwa kutojua. Ipelekwe kwa fundi mwenye ujuzi. Ikitokea imewaka, watoto watolewe nje kwanza, moshi wake usivutwe kwa kuwa una sumu, umeme ukatwe kwenye swichi kuu, ndipo maji mengi yamwagwe kutoka mbali ili kuipoza.

Na betri iliyokufa isitupwe kwenye shimo la taka ambalo jioni huchomwa moto, wala watoto wasiachiwe kuichezea. Irudishwe kwa fundi au kwa duka la simu. Ikingoja kupelekwa, ikae ndani ya kopo lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba.

Amana ya muuzaji na fundi

Sasa tuwageukie wale wenye kuuza na kutengeneza. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad (SAW) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta umajimaji. Alipomuuliza mwenye mali, akaambiwa kuwa kimenyeshewa na mvua. Akamlaumu kwa kutokiweka kilicholowa juu ili watu wakione, na akajitenga na kila mwenye kughushi. Angalieni, ndugu zangu: mvua ile haikuletwa na mfanyabiashara. Kosa lake lilikuwa kuificha.

Rundo la chakula mnunuzi anaweza kulitia mkono. Betri hawezi. Unyevu wake umo ndani ya plastiki iliyofungwa, na hakuna anayeweza kuujua isipokuwa yule anayejua alikoinunua. Kwa hiyo wajibu wa muuzaji wa betri kusema ukweli ni mzito kuliko wa muuzaji wa mahindi. Anayesema "hii ni ya kampuni" ilhali anajua ni ya kughushi, ameuza uongo pamoja na hatari.

Katika fiqhi iko haki iitwayo khiyarul-aib, yaani mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwepo kabla ya kununua na hakuelezwa, ana haki ya kukirejesha kitu na kurudishiwa fedha zake. Yale maandishi yanayobandikwa ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudi hayafuti dhambi ya aliyejua kasoro akanyamaza. Ama kuhusu fundi, wanavyuoni walitofautiana ni lini mwenye kazi ya mikono hubeba dhamana ya kitu alichokabidhiwa, lakini hawakutofautiana kwamba akizembea au akikusudia kuharibu, hasara ni juu yake. Fundi anayetoa betri nzima kwenye simu ya mteja na kurudisha iliyochakaa hana jina jingine ila mwizi.

Wapo mafundi waaminifu, nao ni wengi. Fundi anayemwambia mteja, "Hii si ya kampuni, ni mbadala, bei yake ni hii na itadumu kiasi hiki," ameihalalisha riziki yake kwa sentensi moja. Mteja naye asimfukuze fundi wa namna hiyo kwa kukimbilia kwa jirani yake mwenye bei ya chini na maneno matamu. Sisi wanunuzi ndio tunaowalisha waghushi pale tunapotaka jina kubwa kwa bei isiyowezekana, huku mioyoni tukijua.

Rai yetu ni hii. Kila familia na ijiwekee desturi ya kudai risiti, hata kwa kitu kidogo kama betri, maana bila risiti haki ya kurejesha inakuwa maneno matupu. Anayekaa Kiabakari na asiyapate mahali pa kuaminika, amwagize anayekwenda Musoma au Mwanza kwenye duka la wakala wa kampuni. Siku mbili za kukosa simu ni nyepesi kuliko usiku mmoja wa moto. Wenye maduka watenganishe mbele ya mteja betri za kampuni na mbadala. Na FCC pamoja na TBS wasiishie kwenye maghala ya miji mikubwa. Wafike pia katika magulio ya wilayani, ambako bandia hufika mwisho wa safari yake na kumkuta mtu asiye na wa kumtetea.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na atulindie watoto wetu walalapo. Wabillahi tawfiq.